Ndege wa Saa ya Mbuzi

1 Julai 1957

Mimi Kiprugut najua jina la kila ndege anayeruka kati ya Kabazi na ziwa la Nakuru, pamoja na maana ya jina hilo na aibu za ukoo wake. Hakuna mtu hai anayenipita kwa jambo hili. Nimeandika kwa wino.

2 Julai

Ya jana ni uongo. Leo nimehesabu kwa vidole. Vidole vya mikono vilipoisha nilibakiwa na ndege mmoja tu mdomoni, kwa hiyo ni kumi na mmoja. Na wawili kati yao ni ndege yule yule, dume na jike, ambao nimekuwa nikiwaita majina tofauti tangu vita vya kwanza. Waliobaki wote nawaita mashetani wakiwa kwenye shamba letu la wimbi, na ndege wakiwa kwa jirani.

Kazi yangu msimu huu ni kukaa juu ya dungu. Ni jukwaa la miti minne katikati ya kishamba chetu, hapa pembeni mwa ngano ya Bwana, mzungu mwenye shamba. Nimefunga kamba kutoka dunguni mpaka kwenye madebe matupu pembe zote nne. Nikivuta, yanalia kama harusi ya masikini. Mwanangu Kipkemei yuko kwenye ngano, mkewe Jepkoech anachuma pareto, na mimi wamenipa ndege.

Daftari hili nimepewa na Ishak, fundi wa nguo pale madukani. Panya walikula jalada, hakuweza kuliuza. Aliniambia, "Chukua, Mzee, uweke uongo wako mahali pamoja."

4 Julai

Leo amekuja mtu anaitwa Omolo, mrefu, viatu safi kuliko njia aliyopitia. Anamfanyia kazi memsahibu mmoja wa Milimani anayeandika kitabu cha ndege wa nchi hii ya juu. Alikuwa na sanduku. Alipolifungua niliona ndege wamekauka, wamejazwa pamba, wamefungwa vikaratasi miguuni, wamelala mistari kama abiria wa gari la moshi. Akasema anatafuta majina ya kienyeji na maana zake, na huko madukani ameambiwa amwone Mzee Kiprugut.

Wale kumi na mmoja wangu walikwisha haraka. Kisha akatoa mmoja mdogo, wa manjano, mgongo una michirizi, kichwa kama kilichochovywa kwenye kiini cha yai.

"Na huyu, mzee wangu?"

Huyu nimemwona maisha yangu yote. Hutua kwa kundi kwenye nguzo za uzio jioni, mbuzi wanaporudi, akaimba kama anayelipwa. Lakini jina hana. Hakuna mtu hapa aliyewahi kumpa.

Ningesema sijui. Lakini Omolo alikuwa amelamba penseli na ananitazama kama nilivyokuwa sijatazamwa miaka minne. Nikasema, "Cherono."

"Maana yake?"

"Aliyekuja saa mbuzi wanaporudi nyumbani."

Maana hiyo ni ya kweli. Ndivyo anavyoitwa kwetu msichana aliyezaliwa saa hiyo. Ndivyo alivyoitwa mke wangu.

Omolo aliandika, halafu akanipa habari mbaya. "Jina la mtu mmoja si jina, mzee wangu, ni maoni. Nitarudi baada ya mavuno. Nitamwonyesha ndege huyu watu watatu wa nyumba tatu, nitakaowachagua mwenyewe, kila mmoja peke yake. Wote wakisema Cherono, linaingia kitabuni. Mmoja akikataa, nalipiga mstari."

"Halafu?"

"Halafu atabaki na lile la Kizungu."

5 Julai

Nimejiuliza kutwa kwa nini jina hilo ndilo lililonitoka. Wacha niliseme hapa, daftari halina mdomo.

Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wazee humzunguka wakaita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Ugoro kidogo puani unaruhusiwa, kazi isichukue siku nzima. Tangu Cherono afe, Jepkoech amezaa wasichana wawili. Mara zote mbili aliyeita majina alikuwa Cheptoo, dada yake Cherono. Mara zote mbili aliita Cherono na mtoto akanyamaza kama jiwe la kusagia. Wa kwanza alimpigia chafya mama yangu, kwa hiyo sasa mama yangu ana miaka mitatu na bado ananigombeza kwa ajili ya miguu michafu. Wa pili alimrudisha shangazi yangu aliyekuwa mwizi wa mayai.

Kwa yule wa pili, nakiri, nilijaribu kusaidia. Nilijipenyeza mahali ambapo mwanamume hatakiwi, na Cheptoo alipolikaribia jina la Cherono nikampaka mtoto ugoro wa kumtosha fahali. Mtoto alilia mpaka akabadilika rangi, lakini chafya hapana. Cheptoo akakiona kidole changu. Alisema mbele ya wote, "Dada yangu alikuchoka. Ndiyo sababu harudi." Tangu siku hiyo salamu yake kwangu ni kukohoa.

Basi ikiwa watoto hawamtaki, tumjaribu ndege. Jina likiisha midomoni mwa watu, mtu amekufa mara ya pili. Na kitabu hakingoji chafya.

9 Julai

Nilikwenda madukani kununua chumvi, nikamwambia Ishak yote. Ishak anajua siri za kila aliyenenepa na kila aliyekonda, na hajawahi kutoa hata moja. Alisimamisha cherehani.

"Mzee, jina halishonwi kwa miezi miwili."

"La kwako lilishonwa kwa muda gani?"

"La kwangu lilikuja limeshonwa tayari, kutoka kwa babu wa babu." Akatazama koti langu. "Sikiliza. Likiingia kitabuni, nitakushonea huo mfuko bure. Tangu mwaka juzi unamwaga ugoro njia nzima, mbwa wa Kabazi wote wana mafua."

"Lisipoingia?"

"Utasimama barazani kwangu kutwa ukimwambia kila mteja kwamba wewe ni mwongo."

"Hiyo si adhabu, hiyo ni habari wanayoijua."

"Basi utawaambia mara mbili."

Tukashikana mikono.

11 Julai

Nimepata njia. Jina halifundishwi, linasemwa kama ambalo kila mtu mwenye akili analijua. Jirani yangu Dalmas, aliyetoka Maragoli na hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua, alikuwa anafunga dungu lake. Nikaonyesha nguzo tupu za uzio, nikamwambia, "Umeona Cherono mwaka huu wamechelewa?"

Akatazama uzio, akatazama mbingu. "Ni baridi hii," akasema. "Cherono hapendi baridi."

15 Julai

Mvua ya mawe. Hata ndege wamekaa kwao.

22 Julai

Jepkoech ametoka kwenye pareto akasema, "Baba, wachumaji wanasema Cherono wakitua nguzo za chini, kesho ni jua."

"Nani kasema?"

"Wote. Wanasema ni mambo ya zamani."

Jina lina siku kumi na nane na limekwisha kuwa la zamani. Nilicheka mpaka dungu likatikisika. Jepkoech hakucheka. Aliuliza polepole, "Baba, si hilo ni jina la mama?"

"Jina ni kama kigoda," nikamwambia. "Mmoja akiinuka, mwingine anakaa."

Akaniongezea maziwa.

30 Julai

Wimbi imeanza kujaa. Ukungu asubuhi, jua saa nne, ndege kutwa. Koo limekauka.

6 Agosti

Leo ni siku mbaya.

Asubuhi yalikuja makundi makubwa, wa kahawia, wa manjano, wamechanganyika. Dalmas akasimama juu ya dungu lake na kombeo mkononi na kupiga kelele, "Cherono hao! Cherono mwizi! Wapige!" Bondeni wakamjibu kutoka dungu la pili, "Mlafi Cherono!" Kutoka la tatu ikaja, "Mama wa njaa huyo, mvunje mguu!"

Ilikuwa hivyo mpaka jioni. Kila jiwe lililoruka lilikuwa na jina lake. Nilivuta kamba zangu kwa nguvu nisisikie, mpaka kamba moja ikakatika na debe lake likaanguka. Nilitaka jina lake litamkwe, na kweli linatamkwa, na watu wazima wenye shabaha nzuri wanalirushia mawe. Katika ujanja wangu wote hilo sikuliona. Mwaka mzima tunawatukana ndege. Ni nani mwingine mwenye kichwa kama changu angechukua jina la mkewe na kulibandika kwa ndege mwezi mmoja kabla ya wimbi kuiva?

Na mimi ndiye niliyewafundisha.

7 Agosti

Cheptoo alikuja. Alisimama chini ya dungu, mkono kiunoni.

"Shemeji, shuka."

"Goti linauma."

"Lilipanda, litashuka."

Nilishuka. Ni mfupi kuliko dada yake lakini leo nilimwona mrefu.

"Nimetoka mtoni," akasema. "Nimepita mashamba matatu. Katika yote matatu dada yangu anatukanwa. Nikauliza ni desturi ya nani hii. Kila mmoja akasema ameisikia kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwenzake, na mkia wa kamba uko kwako."

Nilitafuta uongo. Mimi, ambaye hata usingizini nina uongo wa akiba, sikupata hata mmoja. Nikamwambia habari za Omolo, kitabu, na watu watatu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ulimpaka mtoto ugoro ili umlazimishe arudi. Alipokataa, ukamlazimisha kuwa ndege." Sauti yake haikupanda. "Huyo mtu wa sanduku akija na akiniuliza, nitamwambia ndege huyu hana jina. Na hilo ni kweli, wewe mwenyewe unajua."

Akaondoka. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba Cheptoo ananichukia kwa sababu ni mkali. Leo nimeona ni kwa sababu yeye pia amempoteza Cherono.

8 Agosti

Nimevuta kamba. Basi.

12 Agosti

Nimejaribu kulirudisha. Nimemwambia Dalmas kwamba nilikosea, ndege yule haitwi Cherono.

Alinitazama kwa huruma. "Mzee Kiprugut, umri huo. Hata babu yangu alimwita Cherono."

"Babu yako alifia Maragoli. Hakuwahi kuvuka hata Molo."

"Huko pia wapo."

18 Agosti

Kwa kuwa siwezi kufunga masikio, siku hizi nafungua macho. Siku sita nimewatazama wale wadogo wa manjano peke yao. Jambo la ajabu ni kwamba hawatui kwenye vichwa vya wimbi. Wanaotua juu na kunyofoa ni wale wakubwa wenye macho mekundu, na kundi la kahawia. Wadogo hushuka chini kabisa, katikati ya mistari, kwenye magugu. Na magugu kwetu hayajapungua, maana mwenye jembe ni mimi.

Jioni jiwe la Dalmas likampata mmoja. Nilimwokota, nikamweka kwenye kofia yangu, nikaenda mpaka kwa Cheptoo. Nilifika mlangoni, nikasema, "Pasua."

Alinitazama kama anayetaka kujua apasue nini. Nikamwonyesha kofia. Akachukua kisu chake cha kukatia wimbi, akapasua kile kifuko cha kooni, akamimina kilichomo kwenye kiganja.

Zilikuwa mbegu nyeusi, nyembamba, ndefu. Kishona nguo. Zile zinazong'ang'ania suruali ukipita kichakani. Cheptoo alizitandaza kwa ncha ya kisu, akatafuta punje ya wimbi. Hakukuwa na hata moja.

Mbuzi wake walikuwa wanaingia zizini.

"Dada alikuwa anakutolea hizi kwenye suruali," akasema.

"Kila jioni. Saa hii hii."

"Na wewe ukimcheka."

"Nikimcheka. Nilimwambia, unajisumbua bure, kesho nitarudi na nyingine. Akasema, najua." Nikaona haya, nikaongeza, "Siku nyingine nilikuwa napita kichakani makusudi."

Cheptoo alifunga kiganja na mbegu ndani yake. Hakusema lolote juu ya Omolo, nami sikuthubutu.

20 Agosti

Cheptoo amezunguka mashamba yote matatu na zile mbegu kwenye kitambaa, amemwonyesha kila mwenye kombeo. Mchana nimesikia sauti ya Dalmas bondeni: "Wale wadogo waacheni. Cherono ni mpaliliaji, mimi nilikuwa najua tangu zamani."

Nilimfuata nikamuuliza kama Cheptoo alimtaja ndege kwa jina.

Dalmas akafikiri. "Hapana. Alisema 'ndege huyu' tu."

27 Agosti

Jioni, mbuzi wakirudi, nilimwona Cheptoo amesimama peke yake kwenye uzio wetu akitazama nguzo. Alikuwa ameipa nyumba mgongo. Midomo yake ilikuwa inatembea lakini upepo ulikuwa wa kwake, sikusikia neno. Alikaa muda wa kuchemsha chai. Sikuvuta kamba.

4 Septemba

Tumeanza kukata wimbi. Imezaa kuliko mwaka jana. Mgongo wangu unasema vinginevyo.

11 Septemba

Nitaandika taratibu maana mkono unataka kukimbia.

Omolo amerudi, viatu bado safi. Sanduku aliliweka chini ya mwerezi ulio karibu na uzio, akatuamuru sisi wengine tukae huku ghalani. Ishak alikuwa amefunga duka ili ashuhudie, na amevaa kofia yake ya Idi.

Aliyechaguliwa kwanza ni Dalmas. Alikwenda na kurudi kifua mbele. "Nimemwambia Cherono, na nimemweleza na habari za babu."

Wa pili, Omolo alimwita mmoja wa wachumaji wa pareto aliyekuwa akipita, Chepkemoi, ambaye mimi sijawahi kusema naye hata salamu. Alirudi anacheka. "Ameniuliza kitu ambacho hata mbuzi anajua. Nikamwambia Cherono, wakitua chini kesho ni jua."

Ishak akaninong'oneza, "Mzee, uzi gani, mweusi au wa kijivu?"

"Nyamaza," nikamwambia, maana nilikuwa nimemwona Omolo akisimama, akizungusha macho, akauliza nani mkubwa wa umri kati ya wanawake. Mikono yote ilionyesha mahali pamoja.

Cheptoo alijipangusa mavumbi ya wimbi akaenda. Nilikaa juu ya kikapu cha mtu. Sauti ya Cheptoo ni ya kuita majina, haijui kunong'ona, kwa hiyo yote tuliyasikia.

Alimchukua ndege kiganjani. Alimpuliza manyoya ya kifua. "Mmemjaza pamba," akasema.

"Ndiyo, mama. Asioze."

Nikamwona Omolo ameshika penseli juu ya karatasi, tayari kwa mstari.

"Ni Cherono," akasema Cheptoo.

"Maana yake, mama?"

"Anakuja saa ya mbuzi, anatoa kishona nguo. Andika yote mawili, usiandike nusu."

Omolo akaandika yote mawili. Halafu akauliza swali ambalo hakuwauliza wale wengine. "Nani alimpa jina hili?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Mama yangu, yule wa miaka mitatu, angeviona ni vichafu.

"Kwetu jina halitolewi," akasema Cheptoo. "Linaitwa. Nilisimama hapa hapa ulipo, wakiwa wamejaa kwenye nguzo hizi, nikaita majina ya kwetu moja baada ya jingine. Walinyamaza. Nilipofika Cherono, mmoja akapiga chafya."

"Ndege, mama?"

"Wa nguzo ya tatu." Kisha akageuza uso kuelekea ghalani, akapandisha sauti ingawa haikuwa na haja. "Na hapakuwa na ugoro."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nacheka na machozi pamoja, uso ulikuwa haujui ufanye nini. Omolo alitoa kalamu ya wino akapita juu ya penseli. Alinionyesha. Ni mwandiko mzuri. C yake imekaa kama mtu aliyefika kwake.

Nimekaa juu ya dungu siku sabini na sijamsikia ndege huyu akipiga chafya. Lakini Cheptoo hasemi uongo, hiyo ni kazi yangu, na sitakwenda kumuuliza.

Alipopita karibu nami hakukohoa. Alisema, "Shemeji, wewe ni mjinga. Umekula?" Nilikuwa nimekula. Nikamwambia sijala. Akanipa ugali na mursik, maziwa yaliyogandia kibuyuni, nikala mara ya pili kama bwana harusi.

Jioni mbuzi walirudi. Nguzo zote zilijaa manjano mpaka ya mwisho karibu na lango. Dalmas akapiga kelele kutoka kwake, "Mzee, Cherono wamekuja!" Bondeni wakaitikia, "Wamekuja!" Hapakuwa na jiwe lililoruka. Nilisimama nikavua kofia, nikawasalimu, na niliyekuwa namsalimu anajua.

12 Septemba

Ishak, najua utasoma hapa, maana unasoma kila kinachoachwa juu ya cherehani yako, na kurasa zangu zimekwisha. Koti liko chini ya daftari. Ni mfuko wa kulia. Uzi mweusi, upite mara mbili, mbwa wa Kabazi wapone. Zile kishona nguo kwenye mkono wa kushoto usiziguse, zina mwenyewe wa kuzitoa. Nitapita kulichukua kabla mbuzi hawajarudi.